Penisetumu ya zambarau, mchaichai au vetiva: nyasi ipi ya mapambo ikufae uani Dar es Salaam

Kila anayepita kwenye vitalu vya miche kando ya Barabara ya Bagamoyo huenda ameiona nyasi hii: majani membamba ya rangi ya zambarau iliyokolea, yameinama pande zote kama maji yanayomwagika, na juu yake masuke laini yanayofanana na mkia wa paka aliyekasirika. Ikiwa ndani ya kiriba, katikati ya mikrotoni na miashoki, hupendeza kuliko chochote kilicho karibu nayo, na mteja huondoka na viriba vinne au sita bila kuuliza swali lolote zaidi ya bei. Kosa huanzia hapo. Nyasi ya mapambo ya kudumu haihukumiwi kwa sura yake ya kitaluni. Huhukumiwa mwaka wa tatu, wakati kichaka kimekwisha kunenepa, katikati yake pameanza kukauka, na mwenye nyumba ameshajua kama analo jua, maji na mikono ya kuihudumia.

Makala haya yanalinganisha nyasi tatu za kudumu ambazo mkazi wa Dar es Salaam anaweza kuzitafuta bila kuagiza mbali: penisetumu ya zambarau, ambayo wataalamu wa mimea huiandika Pennisetum × advena 'Rubrum', mchaichai, ambao wengi wanaujua kwa chai tu, na vetiva, ambayo wengi wanaijua kwa kuzuia mmomonyoko tu. Nimezipanda zote tatu katika uwanja mmoja wenye mteremko huko Goba, na baadhi yake zikanifia, kwa hiyo msomaji asitarajie kwamba sina upendeleo.

Kwanza, kalenda

Maelezo mengi ya kutunza nyasi za mapambo yameandikwa kwa ajili ya Ulaya na Marekani, ambako penisetumu ya zambarau mara nyingi huuawa na baridi na kupandwa upya kila mwaka kama ua la msimu, na ambako mkulima huambiwa akate nyasi zake mwishoni mwa majira ya baridi. Hapa hakuna baridi ya kuua nyasi wala ya kuilaza usingizi. Kinachotawala ni mvua: masika ya Machi hadi Mei, vuli ya Oktoba hadi Desemba, na kati yake vipindi viwili vya ukavu, kimoja kifupi cha jua kali la Januari na Februari wakati wa kaskazi, kingine kirefu, cha Juni hadi Septemba, wakati kusi inapovuma. Jiji hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, kiasi ambacho kingetosha nyasi zote tatu kama kingegawanywa sawasawa, lakini sehemu kubwa humwagika ndani ya wiki chache za masika kisha udongo ukaachwa ukauke. Kwa hiyo maelezo ya kigeni yanaposema nyasi ikatwe kabla ya machipuko, sisi tusome kwamba ikatwe mwishoni mwa Februari, wiki mbili au tatu kabla ya mvua kubwa kuanza.

Sura, na jua linaloitengeneza

Kwa uzuri peke yake penisetumu ya zambarau haina mshindani kati ya hizi tatu. Hufikia urefu wa mita 1 hadi 1.5 pamoja na masuke yake, hupanuka karibu kiasi hichohicho, na kila suke huweza kuwa na urefu wa sentimita 20 hadi 30, likianza na wekundu wa zambarau na kupauka kadiri linavyozeeka. Upepo wa jioni unapoipitia, uwanja mzima huonekana kama unapumua.

Uzuri huo, hata hivyo, ni wa mkopo kutoka kwa jua. Miche minne ya kwanza niliyonunua niliigawa: miwili nikaipanda karibu na geti, ambako jua huwaka tangu asubuhi hadi saa tisa alasiri, na miwili nikaiweka chini ya mwarobaini, kando ya ukuta, kwa sababu hapo palikuwa patupu na paliniudhi macho. Ilipofika Agosti, ile ya getini ilikuwa na rangi ya juisi ya rozela na masuke yasiyohesabika, na ile ya chini ya mwarobaini ilikuwa imegeuka kijani chenye uchafu wa kahawia, imelala upande mmoja kuufuata mwanga, na ina masuke mawili tu. Niliihangaikia kwa samadi na maji nikidhani ni ugonjwa, kumbe ilikuwa kivuli. Asiyeweza kuipa nyasi hii saa 6 za jua kamili kila siku aiache kitaluni.

Mchaichai hauna masuke ya kujivunia, kwa kuwa ni nadra kuchanua ukiwa umelimwa, na anayetafuta mikia ya paka asiutazame mara mbili. Uzuri wake ni wa aina nyingine: majani marefu ya kijani kinachoelekea kijivu, mengi, yanayoinama kwa utulivu na kuziba udongo wote ulio chini yake. Ukipandwa mstari mmoja kando ya njia ya miguu, kwa nafasi ya sentimita 80 hivi, mgeni anayepita huyagusa majani kwa suruali au gauni, na harufu ya limau humfikia kabla hajabisha hodi. Harufu hiyo hutokana na mafuta yenye sitrali, ambayo hutoka jani linapopondwa au kusuguliwa. Huvumilia kivuli chepesi kuliko penisetumu, ingawa hapo huwa mlegevu na mashina yake hubaki membamba.

Vetiva husimama wima. Majani yake ni magumu, mashina yameshikana kama askari wa gwaride, na masuke yake membamba ya zambarau-kahawia huchomoza juu hadi kuupita urefu wa mtu. Ukiitazama kwa karibu utasema ni majani tu ya porini. Ukiitazama ikiwa mstari wa mita 10 nyuma ya maua mafupi, utaona ukuta wa kijani ambao fundi uashi hakuujenga. Nayo hutaka jua, na kivuli huidhoofisha hasa ikiwa bado changa.

Kwa bahati njema zote tatu hukua kwa vichaka na hazitambai. Wengi huogopa nyasi kwa sababu ya ukoka, ambao hutuma mashina yake chini na juu ya udongo hadi ukaingia kwenye matuta ya mchicha. Hizi hunenepa palepale zilipopandwa, na mipaka yake unaijua.

Kwa upande wa mbegu kuna tahadhari moja. Penisetumu ya zambarau hutoa mbegu zinazoota kwa nadra sana, lakini anayo ndugu ya kijani yenye masuke ya waridi yaliyopauka, Pennisetum setaceum, ambayo asili yake ni kaskazini na mashariki mwa Afrika pamoja na Rasi ya Arabuni, na hiyo husambaza mbegu kwa upepo bila haya. Huko Hawaii, ilikopelekwa kama pambo mwanzoni mwa karne ya 20, imejaza nyanda za mawe ya volkano na kuwa kuni ya moto wa nyika. Umoja wa Ulaya uliiingiza katika orodha yake ya viumbe vamizi mwaka 2017. Kwetu si mgeni wa mbali, lakini ukiiweka karibu na njia ya kokoto utakuwa unaing'oa kwa vidole kila baada ya mvua. Kibandiko cha kitalu kikisomeka Cenchrus badala ya Pennisetum, usidhani umeuziwa kitu kingine: mwaka 2010 wataalamu waliziunganisha jenasi hizo mbili. Vetiva zinazopandwa kwa kawaida hazitoi mbegu hai, na jina lake pia lilibadilishwa, kutoka Vetiveria hadi Chrysopogon, mwaka 1999.

Udongo na maji ndivyo vinavyoamua

Hapa ndipo wengi wetu tunapopotea, kwa sababu Dar es Salaam haina udongo mmoja. Mwenye nyumba Kigamboni au Kunduchi ana mchanga unaokunywa ndoo ya maji kabla hujageuka; mwenye nyumba katika maeneo ya chini ya Mikocheni au Msasani ana uwanja ambao wakati wa masika maji husimama siku kadhaa; na mwenye nyumba Goba, Kimara au Pugu ana mteremko ambao kila mvua huondoka na kipande chake. Kabla ya kununua chochote, chimba shimo la kina cha sentimita 30, mimina ndoo moja ya maji, yaache yazame, kisha mimina ya pili na utazame saa. Maji yakizama ndani ya dakika chache, una mchanga. Yakikaa hadi kesho yake, usipande penisetumu hapo bila kuinua tuta.

Penisetumu ya zambarau hupenda udongo unaopitisha maji. Ikishashika mizizi, baada ya miezi miwili au mitatu ya kumwagiliwa mara kwa mara, huvumilia ukavu wa Juni hadi Septemba kwa kumwagiliwa vizuri mara moja kwa wiki, jambo linaloifaa nyumba yenye maji ya mgao. Isichovumilia ni miguu iliyolowa: shina huoza kuanzia chini, na utaligundua siku utakapolivuta kidogo na kubaki nalo mkononi. Mchaichai nao huoza kwa maji yaliyosimama, na tena ni mwenye kiu kuliko wenzake. Katika mchanga wa pwani, bila mboji na matandazo, ncha za majani yake hukauka na kuwa kahawia kufikia Februari. Ndiyo maana wazee wetu waliupanda karibu na bomba au mahali pa kuoshea vyombo, na sioni sababu ya kuwarekebisha.

Vetiva haijali. Husimama katika udongo uliojaa maji, husimama katika udongo uliokauka, na huvumilia chumvi kuliko mchaichai, jambo lenye uzito kwa wanaomwagilia kwa maji ya visima vya karibu na bahari. Siri yake iko chini: mizizi haiendi pembeni bali huzama wima, na katika udongo mzuri huweza kufika mita 3 au zaidi. Ni kwa ajili ya mizizi hiyo India huilima tangu zamani, ambako huisuka kuwa mapazia yanayoloweshwa maji ili upepo wa kiangazi uingie ndani ukiwa umepoa na kunukia, na ni mizizi hiyohiyo inayokamuliwa mafuta ya manukato. Mtaalamu wa kuhifadhi udongo, John Greenfield, aliitumia kuzuia mmomonyoko katika mashamba ya miwa huko Fiji miaka ya 1950, na miaka ya 1980 Benki ya Dunia ikaanza kuieneza kwa kazi hiyo nchini India.

Kwa mwenye mteremko, basi, nadhani swali limeshajibiwa, ila namna ya kuipanda ndiyo inayobeba matokeo. Watu huipanda kwa kufuata ukuta au njia, ikishuka pamoja na kilima, kisha hushangaa maji yakiendelea kupita. Inatakiwa kufuata usawa wa ardhi. Mimi nilitumia mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, uleule mafundi uashi wanaotumia kusawazisha msingi: mtoto wa ndugu yangu alishika ncha moja, mimi nikashika nyingine, na kila maji yalipotulia sawa pande zote tulichoma kijiti. Mstari uliotokea ulikuwa umepinda kama nyoka na haukufanana hata kidogo na nilivyokuwa nimeuchora kichwani. Tulipanda vichipukizi kwa umbali wa sentimita 15, majani yamekatwa kubaki sentimita 20 na mizizi imefupishwa, wiki ya pili ya masika. Masika yaliyofuata, udongo uliokuwa ukienda kwa jirani ulijikusanya nyuma ya mstari na kutengeneza ngazi.

Hesabu yake inahitaji subira. Mstari wa mita 10 kwa umbali huo hutaka vichipukizi karibu 67, ambavyo ukivinunua vyote kwa viriba utaumia mfukoni. Afadhali kununua 10, kuvikuza mwaka mmoja mahali penye jua na maji, kisha kuvigawa, kwa maana kichaka kimoja kilichostawi huweza kutoa zaidi ya 20. Na unaponunua, kagua. Mwaka mmoja niliuziwa na muuzaji wa barabarani viriba 12 vya vetiva, na vitano kati ya hivyo vilikuwa mchaichai. Sikugundua hadi nilipovisafisha majani yaliyokauka na mikono yangu ikanukia chai. Njia ya kuzitofautisha ni rahisi. Ponda jani: la mchaichai hunukia limau, la vetiva halinuki. Kisha tazama chini ya shina: la mchaichai ni la mviringo, jeupe na limevimba kidogo, na la vetiva ni bapa, limepangika kama upepeo.

Kukata na kugawa

Muuzaji atakwambia kwamba nyasi hizi hazihitaji matunzo. Ni kweli hazitaki dawa kila wiki, na mbolea nyingi huzidhuru kwa kuzifanya ndefu, laini na zenye kulala. Koleo moja la samadi iliyooza vizuri mwanzoni mwa kila msimu wa mvua linatosha. Lakini zote zinataka kukatwa, na penisetumu inataka kugawanywa, la sivyo katikati ya kichaka hufa na kubaki pete ya majani mabichi iliyozunguka shimo la makapi.

Kazi ya kugawa kichaka cha miaka mitatu nitaieleza kama ilivyo ili mtu achague akijua. Unafunga majani yote kwa kamba ili yasikurukie usoni, unakata kwa mkasi mkubwa au panga kali hadi yabaki sentimita 15, kisha unazungushia sururu hadi kichaka kilegee. Vaa glavu na mikono mirefu. Ukikipasua, ndani utakuta makapi makavu, vumbi na huenda sisimizi waliokwisha kuhamia na mayai yao. Kiini hicho kitupe. Vipande vya pembeni, vyenye machipukizi manne au matano na mizizi myeupe, ndivyo vya kupanda, siku hiyohiyo, kabla jua halijaikausha mizizi. Kwa vichaka vinne ni asubuhi nzima ya mtu mmoja.

Mchaichai ni mwepesi zaidi: unachomoa shina moja kwa mkono, na hata shina la sokoni lenye kitako kizima hutoa mizizi ndani ya glasi ya maji kwa wiki mbili hivi. Kuuvuna kwa ajili ya chai ni kuupogoa, kwa hiyo nyumba inayokunywa chai ya mchaichai haina haja ya kukumbuka Februari. Vetiva hukatwa mara mbili au tatu kwa mwaka kwa urefu wa nusu mita ili iendelee kushikana. Majani yake ni matandazo mazuri, na ya penisetumu pia.

Tukiwa hapo, yale maneno ya kwamba mchaichai ukisimama dirishani hufukuza mbu yasikufanye uache chandarua, kwani mafuta yakiwa yamefungwa ndani ya jani hayamsumbui mbu, na kisahani cha chungu chenye maji yaliyotuama kinamzalisha. Kuhusu nyoka, ambao kila mama mkwe atawataja, weka vichaka vikubwa mita kadhaa kutoka mlangoni na uondoe makapi ya chini, kwa sababu makapi huwaita panya, na panya ndio humwita nyoka. Wenye desturi ya kuchoma taka uani wasiweke yoyote kati ya hizi karibu na shimo la taka. Mwezi Agosti majani makavu hushika moto kwa cheche moja.

Nani achague ipi

Anayeishi ghorofani Upanga au Kariakoo na ana kibaraza kinachopata jua la kutosha achukue penisetumu ya zambarau, mche mmoja katika chungu cha upana wa sentimita 40 chenye matundu na kokoto chini, na ajue kwamba chungu hukauka haraka, hivyo kaskazi ikivuma atamwagilia kila siku. Kibaraza kikiwa na jua nusu, mchaichai katika ndoo ya lita 20 iliyotobolewa utamfaa zaidi. Vetiva isiwekwe chunguni. Ni kumnyima samaki maji.

Mwenye uwanja tambarare wa mchanga, mwenye maji ya uhakika na anayetaka wageni wasimame getini na kuuliza jina la mmea, apande penisetumu kwa nafasi ya mita 1, na asipande zaidi ya anazoweza kuzigawa mwenyewe. Mwenye uwanja unaotuamisha maji au kisima chenye chumvi aanze na vetiva hata kama haimvutii, kisha nyongeza za rangi azipande kwenye matuta yaliyoinuliwa. Asiye na bajeti kabisa aombe shina la mchaichai kwa jirani. Sijawahi kusikia mtu akinyimwa.

Wakati wa kupanda ni mmoja kwa zote: wiki za mwanzo za masika, au vuli ikiwa una maji ya kuzivusha Januari. Kwangu leo kuna mistari miwili ya vetiva kwenye mteremko, mchaichai kutoka bombani hadi jikoni, na penisetumu mbili zilezile za getini ambazo zimezaa tano. Chini ya mwarobaini hakuna nyasi yoyote, nimeweka benchi.